Shangazi, chuo kinanitaka, bendi inanitaka, na tasnifu yangu imetugombanisha

Shangazi,

Natumai u mzima. Nimekusoma tangu enzi za bweni, tulipokuwa tukigombania gazeti moja watu wanne, na sikudhani siku moja ningekuandikia. Tafadhali usitaje jina langu wala la bendi. Nairobi ni kubwa lakini watu wa roki tunajuana wote.

Nina miaka 41. Ninaimba na kupiga gitaa katika bendi tuliyoianzisha baada ya digrii ya kwanza. Tulikuwa watu wanne, ala za kuazima, mazoezi tukifanyia stoo ya vipuri vya magari huko Industrial Area. Muziki wetu si wa kubembeleza. Ninapiga mayowe, Shangazi, kwa Kiswahili na kwa Kiluhya. Nilikuwa shule ya msingi mwaka 1994 Rais Moi alipounda ile tume ya kuchunguza ibada za kishetani, na kanisani kwetu Kakamega gitaa la umeme lenye kukwaruza liliwekwa fungu moja na mambo hayo. Mama yangu alichukua miaka mingi kukubali kwamba ninachofanya ni kazi. Siku hizi huniuliza tu kama nimekula kabla ya shoo.

Kando ya bendi nina sanaa nyingine, ile ambayo mwili wa msanii ndio kazi yenyewe. Inayojulikana zaidi ni ya ungo. Nilikaa chini katika ua wa jumba moja la sanaa, nikachambua mchele tangu asubuhi hadi jioni. Chini ya ungo tulibandika vipaza sauti vidogo, nyaya zikapita kwenye pedali za gitaa hadi kwenye spika kubwa. Kila jiwe nililolitoa nililitupa kwenye sahani ya bati, na mlio wake ukasikika hadi barabarani. Watu waliingia wakicheka, wakabaki. Kuna mama mmoja mwuza mboga aliyeweka kikapu chake chini, akakaa kando yangu na kuanza kuchambua bila kuniuliza chochote. Aliyesimamia sauti siku hiyo ni mpiga ngoma wetu, na ungo ulikuwa wa marehemu mama yake.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu. Mhadhiri mmoja aliyekuwepo alinihimiza nisome uzamili, nikasoma, nikaunganisha na uzamifu. Tasnifu yangu inahusu kazi zetu wenyewe, jinsi wanawake wa mjini wanavyotumia kelele kusema yale ambayo kwa sauti ya kawaida hayasikiki. Wakati huohuo ninafundisha kama mhadhiri wa muda, wa kulipwa kwa kozi, na malipo huja yamechelewa hadi unasahau ni ya muhula gani.

Sasa nimepewa nafasi kamili, ya ngazi ile wanayoanzia wanaofundisha huku wakimalizia uzamifu. Kuna mshahara wa kila mwezi, bima ya afya na pensheni. Mwanangu anaingia Gredi ya 10, nami ninamlea peke yangu. Mama aliposikia habari hizo alilia kwa simu.

Ningekuwa ninafurahi, lakini mambo yamenisonga pande zote.

Mwenyekiti wa idara, mtu ninayemheshimu, alinivuta kando akaniambia kwamba nikishakuwa mmoja wao, yale mambo ya kujipaka majivu na kupiga mayowe vilabuni niyatazame upya. Wanafunzi walikuwa wamesambaza video yangu kwenye kundi lao la WhatsApp. Hakuna popote jambo hilo limeandikwa. Aliniambia tu, akanipiga bega, tukaenda kunywa chai.

Kisha bendi imealikwa Ulaya mwezi wa Mei na Juni, matamasha kadhaa Ujerumani na Poland. Ndilo jambo tulilolingojea tangu stoo ya vipuri. Mei na Juni chuoni ni mitihani na kusahihisha. Wenzangu wawili wameshaomba likizo kazini kwao.

Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nilimpa mpiga ngoma wetu sura ya ungo aisome. Alikaa nayo wiki nzima, akairudisha na kusema, "Mama yangu umemfanya mfano, na mimi umenifanya fundi wa sauti." Tangu hapo hajakanyaga mazoezini. Mimi najua wazo lile ni langu. Nililibeba miaka kabla sijapata namna ya kulifanya. Yeye anasema lilianzia jikoni kwao wakati wa matanga ya mama yake, tulipokuwa tukichambua mchele wa wageni naye akaanza kugonga ungo kwa vidole. Siku hiyo ninaikumbuka, ila siikumbuki kama yeye anavyoikumbuka.

Kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu. Tangu nianze kuandika, nikiwa jukwaani ninajitazama. Ninaimba huku sehemu moja ya kichwa ikiandika maelezo. Zamani nilikuwa nashuka jukwaani bila kukumbuka nilichofanya, na sasa nakumbuka kila kitu. Ninaogopa kwamba usomi umeshaua jambo ambalo halitarudi.

Chuo wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niache bendi nijenge maisha ya mwanangu? Au nikatae kazi na kubaki mhadhiri wa kozi mojamoja hadi uzeeni? Nisaidie kufikiri.

Mpiga mayowe, Nairobi

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu,

Asante kwa kunieleza hadi mambo usiyomwambia mtu. Umeuliza kuhusu bendi na chuo, na hayo nitayagusa. Lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona kwamba mahali ulipokawia, ukaeleza nyaya, sahani ya bati na yule mama wa mboga, ni kwenye ungo. Kwa hiyo nadhani unayo mashauri matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni riziki na jinsi ya kugawa muda. La pili ni heshima, yaani nani ana haki ya kukuambia mwanamke msomi anaonekanaje. La tatu ni deni kati yako na rafiki yako wa miaka mingi. Ukilijibu la kwanza pekee, haya mawili mengine yatakufuata kokote utakakokwenda, iwe Ujerumani au ofisini.

Nianze na dhana kwamba mwimbaji wa roki na mwalimu wa chuo hawawezi kuishi ndani ya mtu mmoja. Historia ya roki haiungi mkono jambo hilo. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alikuwa mwanafunzi wa uzamifu pale Imperial College, London, bendi ilipoanza. Alikuwa akichunguza vumbi lililotawanyika kati ya sayari, lile linaloakisi jua na kutoa mwanga hafifu kwenye upeo wa macho kabla ya mapambazuko. Mwaka 1974 aliiacha tasnifu kwa sababu Queen ilikuwa imeshika kasi. Akarudi mwaka 2006, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 60, ikapitishwa. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores.

Watu hupenda kuisimulia habari hiyo ili kumtia mtu moyo kwamba hakuna kinachochelewa. Mimi ningependa uitazame kwa karibu zaidi kabla hujaitegemea. Vumbi la angani lilimngoja. Katika miaka ile thelathini na kitu hawakuwa wengi walioigusa mada yake, na vipimo alivyochukua akiwa kijana vilikuwa bado na maana. Isitoshe, aliporudi hakuwa akitafuta karo ya mtoto. Unachokiandika wewe kiko kwenye kumbukumbu za watu walio hai, na tayari kumbukumbu yako na ya mpiga ngoma zimeachana kuhusu siku moja ya matanga. Ukisema "tasnifu nitaimalizia baadaye", ujue unachokiahirisha ni kitu kinachobadilika kila mwaka. Sisemi usiahirishe. Nasema gharama yako si ile ya May.

Wapo wengine. Greg Graffin, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani, Bad Religion, alipata uzamifu wake Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2003, akafundisha sayansi ya viumbe chuoni huku akiendelea kuimba na bendi yake. Milo Aukerman, mwimbaji wa Descendents, bendi nyingine ya hukohuko, alisomea biolojia hadi uzamifu, akafanya utafiti wa mimea kwenye kampuni kubwa kwa miaka, na tangu mwaka 2016 akawa anaimba tu. Lakini ukiwatazama vizuri, hao wote walikuwa na mashamba mawili yaliyotenganishwa na ua. May hakulazimika kumwuliza Freddie ruhusa ya kuandika kuhusu vumbi. Wewe shamba lako ni moja, na umelipima kwa jina lako wakati wenzako wamo ndani wakilima. Hapo ndipo ugumu wako ulipo, nami sioni kama utaisha ukichagua kati ya gitaa na chaki.

Mifano iliyo jirani zaidi na hali yako iko karibu nasi kuliko Uingereza na Marekani. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, na bendi ya WITCH kutoka Kitwe ilikuwa mbele. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimwita Jagari, baadaye alisomea muziki katika Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka, na akafundisha hapohapo. Miongo ikapita, vijana wa Ulaya na Marekani wakazigundua sahani za santuri za bendi ile, naye akarudi jukwaani akiwa mzee na kuzunguka nchi za mbali. Maisha yake hayakunyooka, lakini yanaonyesha kwamba mlango wa jukwaa unaweza kufungwa na kufunguliwa tena kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Usiyategemee hayo kama mpango. Yaweke tu mahali pa kuyaona siku ukihisi kwamba kila kitu kitakwisha mwisho wa mwezi huu.

Na pale Dar es Salaam kuna Amandina Lihamba na Penina Mlama, maprofesa ambao hawakuwahi kuacha kutunga, kuigiza au kuongoza michezo. Lihamba unaweza kumwona akiigiza katika filamu ya Maangamizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi ya sanaa za maonyesho na wanakijiji. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, wakayatungia na kuyacheza wenyewe. Kisha wasomi wakarudi chuoni na kuandika. Nataja Malya kwa sababu swali la mpiga ngoma wako limekuwepo tangu wasanii wa Afrika Mashariki waanze kuingia chuo kikuu na kazi walizozifanya na watu wengine. Jina kwenye jalada ni la nani? Aliyecheza anaonekana wapi ndani ya kurasa? Wewe si wa kwanza kufika hapo, na haimaanishi kwamba wewe ni mwizi.

Kwa hiyo tuje kwa rafiki yako.

Umeniandikia kwamba unajua wazo lilikuwa lako, nami sina sababu ya kulikana. Hata hivyo hebu jaribu kunieleza kazi ya ungo bila yeye kuwemo. Katika barua yako hukuweza. Umesema "tulibandika", umesema aliyesimamia sauti ni yeye, umesema ungo ni wa mama yake. Yawezekana wazo ulikuwa nalo miaka mingi na pia likapata umbo lake jikoni kwao siku ile ya matanga. Watu wawili wanaweza kuwa wakweli na bado wasikubaliane jambo lilianzia wapi, hasa pale ambapo mmoja wao alikuwa amefiwa na mama. Alichokuambia hakihusu tu nani alibuni. Amesema mama yake amekuwa mfano. Hiyo ni sauti ya mtoto wa marehemu zaidi ya kuwa sauti ya mwanamuziki mwenzako. Ndugu zake nao waliulizwa kuhusu ungo ule? Na sasa uko kwa nani? Hukuniambia.

Naona njia kadhaa, na kila moja ina miiba yake. Unaweza kumwendea nyumbani bila tasnifu mkononi, umwombe akusimulie siku ile tangu mwanzo, nawe usimkatize hata pale utakapoona amekosea. Hatari ni kwamba atasema mengi kuliko unavyotaka kusikia, au atakataa kukuona. Ukiona hivyo, labda yupo mtu mnayemheshimu wote wawili anayeweza kutangulia kumsalimia.

Unaweza pia kumpa nafasi ndani ya sura yenyewe, azungumze kwa jina lake, hata pale anapokupinga. Tasnifu za wasanii wanaochunguza kazi zao wenyewe zinaweza kubeba jambo hilo, na pengine ndiyo ingekuwa sehemu yenye uhai zaidi katika maandishi yako. Lakini watahini watakuuliza mchango wako wewe ni upi, na itakubidi uwe na jibu. Zungumza na msimamizi wako mapema, tena kabla hujamwahidi rafiki yako lolote. Utafiti wako bila shaka una kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na taratibu za ridhaa. Kama mpiga ngoma alitia saini fomu ya ridhaa, anayo haki ya kujiondoa. Kama hakutia, hilo ni jambo la kulipeleka kwa msimamizi wiki hii, kwa sababu likigunduliwa na mtu mwingine wakati wa kutetea tasnifu litakuumiza zaidi.

Ipo hatari nyingine ambayo nimeiona kwa wanawake wengi wanaoniandikia. Ni kwamba kwa kutaka amani utajifuta. Utasema yote yalikuwa yake, wewe ulikaa tu. Wewe ndiye uliyekaa chini kutwa nzima na mgongo wako, na yule mama wa mboga alikaa kando yako. Hayo pia ni kweli na yana haki ya kuandikwa. Kumwonyesha yeye hakukudai wewe upotee.

Sasa mwenyekiti. Ninaamini hana nia mbaya. Pengine amepigiwa simu na mzazi, pengine anaogopa bodi itasema nini siku ya kukuthibitisha kazini. Lakini sharti linalotolewa kwa kupigwa bega ni gumu kulitii na gumu kulikataa, kwa maana halina mipaka. Leo ni majivu, kesho itakuwa nywele, keshokutwa maneno ya wimbo. Ungeweza kumwandikia kwa adabu, umshukuru kwa nafasi, halafu umwulize kama mkataba una kifungu kuhusu kazi za sanaa nje ya chuo. Eleza kwamba maonyesho hayo ndiyo data ya utafiti ambao idara yenyewe imekusajilia. Huenda akacheka na kusema hakumaanisha hivyo. Huenda pia akakasirika kwamba umeyaweka kwenye maandishi, na ukaanza kazi mkitazamana kwa jicho la pembeni. Unamfahamu kuliko mimi.

Kuhusu utulivu wa kazi yenyewe, machozi ya mama yako ninayaelewa. Mzazi wa umri wake ameona pensheni ikilisha ukoo mzima. Mweleze pia, kwa upole, kwamba chuo kikuu cha leo si kile cha zamani. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulifunga madarasa ya vyuo vya umma kwa wiki nyingi kwa sababu ya fedha walizokuwa wakidai. Tena kwa kawaida mtu bila uzamifu hapandi kuwa mhadhiri kamili. Maana yake ni kwamba ngazi unayopewa ni ya kupitia. Usipoimaliza tasnifu hutakaa hapo milele, na tasnifu hiyo katikati yake ina sura ambayo rafiki yako ameirudisha. Unaona jinsi furushi lilivyofungwa? Bado ni kazi nzuri kuliko kozi mojamoja, na bima ya afya kwa mama anayelea peke yake ni kitu kikubwa mno. Chukua kalamu uandike karo ya mwaka mzima, kodi ya nyumba, na fedha za kozi kama zinavyoingia kweli, si kama zinavyoahidiwa. Fanya hivyo kabla hujaongea na mtu yeyote mwingine kuhusu ndoto.

Safari ya Ulaya nayo umeiweka kama jambo la kwenda au kutokwenda. Je, chuo wamesema ni lazima uanze lini? Nafasi nyingine huruhusu mtu kuripoti muhula unaofuata akiomba kwa maandishi. Je, waandaaji wanahitaji matamasha yote, au bendi inaweza kufanya yale ya Juni tu, baada ya wewe kusahihisha? Yupo mwenzako kazini anayeweza kukusimamia mitihani, nawe umlipie kwa kumfundishia muhula ujao? Kila mojawapo itamkera mtu. Bendi inaweza kusema nusu ya safari hailipi nauli. Idara inaweza kuona umeanza na visingizio. Na msisahau visa za Schengen, zile za kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na miadi ya ubalozini hujaa mapema, kwa hiyo kungoja hadi kila kitu kiwe wazi ni uamuzi pia. Wale wawili walioomba likizo wanastahili kujua sasa kwamba unayumba. Waambie hata kama huna jibu. Nao pia wana mabosi wa kuwaeleza.

Tena safari bila mpiga ngoma ni safari gani? Umeandika kana kwamba kikwazo ni mitihani. Kama hajarudi mazoezini, huenda chuo hakihusiki kabisa na kutokwenda kwenu.

Nimeacha hofu yako ya jukwaani hadi hapa kwa sababu nilitaka kuifikiria. Unasema unajitazama ukiimba, na umeamua kwamba msomi aliye ndani yako ndiye muuaji. Inawezekana. Kuandika juu ya jambo ulilokuwa ukilifanya kwa mwili hubadilisha jambo hilo, na wasanii wengi waliosoma watakuambia hivyo. Lakini angalia na yanayoendelea pembeni. Hulali. Nyuma yako, pale alipokuwa akikaa mtu aliyekubeba kwa midundo tangu mkiwa vijana, sasa pako wazi au pana chuki. Una miaka 41, na mayowe uliyopiga ukiwa na miaka 25 hayatoki kooni namna ileile. Ni nani angesimama pale bila kujitazama? Labda ni usomi. Labda ni upweke. Sijui, na nadhani hata wewe hujui bado, ndiyo maana nisingependa uamuzi mkubwa ukae juu ya jibu hilo. Ungeweza kufanya shoo moja ndogo bila kurekodi, bila daftari, bila kumwambia msimamizi kwamba ilikuwepo. Iwe yako tu. Ukishuka utajua kidogo zaidi. Na kama bado utakumbuka kila kitu, huenda ndivyo mwanamke wa makamo anavyoimba, akijua anachofanya, na wanaomsikiliza hawapungukiwi na chochote.

Mwanao hukumtaja sana ila kwa karo. Mtoto wa Gredi ya 10 ana macho na masikio. Ameshakusikia ukifanya mazoezi, ameshakuona ukisahihisha karatasi usiku. Usimwombe akuamulie, maana huo ni mzigo usiomfaa, lakini mwulize anaogopa nini kuhusu mwaka ujao. Unaweza kukuta hofu yake haimo katika orodha yako.

Kwa siku zilizobaki ningetanguliza rafiki yako, kisha msimamizi, kisha mwenyekiti, kwa sababu utakachosikia kwa wa kwanza kinaweza kubadilisha utakachowaambia hao wengine. Wewe unaweza kuona mpangilio mwingine ulio bora, nawe ndiye unayewajua. Na kama mwezi ni mfupi mno, waombe chuo wiki mbili zaidi. Ombi hilo halimfanyi mtu aonekane hana shukrani.

Niandikie tena ukishaonana naye. Ningependa pia kujua ungo uko wapi.

Shangazi